Mama Alivyoimba Sauti ya Pili Mbele ya Viti Vinne

Jumatatu. Baridi ya Julai imetukalia kabisa, manyunyu tangu alfajiri, na huku Westlands ninakofanya kazi watu wanatembea wamejikunyata kama kuku walionyeshewa. Mimi sisikii baridi. Nimeamka mwepesi mpaka kwenye foleni ya lifti nimempisha mtu nisiyemjua na kumwambia Mungu akubariki.

Mama yangu hajaaibika.

Aki, wacha niandike pole pole.

Mama ni msusi. Ana saluni pale Kenyatta Market, na kwa wasiojua, pale kichwa kimoja kinasukwa na watu watatu, wanne kwa wakati mmoja, mikono ikipishana. Wakisuka, wanaimba. Wasipoimba wanatazama runinga ukutani, na runinga ya Mama inaonyesha kitu kimoja tu: yale mashindano ya kuimba ambayo majaji wanne wanakaa wamempa mwimbaji mgongo, na sauti ikiwapendeza wanabonyeza kitufe na kiti kinageuka. Kila nchi ina yake. Mama ametazama ya Uholanzi, ya Ufilipino, ya Georgia, ya Afrika Kusini. Lugha haelewi hata moja. "Huyo anaimba na pua, hawageuki," anasema, na kweli hawageuki.

Anaowapenda ni wale wanawake wa umri wake. Kila nchi ina mmoja, anaingia na sweta yake, watu wanamdharau, halafu mara viti vyote vimegeuka. Kwa hivyo Kenya ilipopata mashindano yake, Mama alijiandikisha kabla hata ya kuniambia.

Nilifurahi, sitasema uongo. Mama yuko kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Kangemi tangu sijazaliwa. Alichagua wimbo wa sifa ambao kila mtu anaujua, akaufanyia mazoezi saluni, wasusi wote wakimsindikiza, na hata wateja wakitikisa vichwa mpaka wanaambiwa watulie. Ulikuwa mtamu. Nilisimama mlangoni nikalia.

Lakini Mama ni alto, wale wa sauti ya pili. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia akiimba peke yake.

Siku ya kurekodi nilisimama nyuma ya jukwaa na mtangazaji. Bendi ikaanza. Mama akakunja mikono tumboni vile wanakwaya husimama, akafungua mdomo, akaimba sauti ya pili. Mstari wa alto, mwanzo mpaka mwisho. Wimbo wenyewe haukuwepo.

Kama hujawahi kusikia alto bila soprano, yaani bila sauti ya kwanza, ni kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. Anapanda kidogo, anashuka kidogo, anarudi palepale.

Hakuna kiti kilichogeuka. Watu wakacheka. Mwanzo chini chini, halafu ukumbi mzima. Mama akamaliza beti zote mbili bila kupepesa.

Majaji walipogeuzwa mwishoni, mmoja wao, kijana mwenye kofia, akamwuliza, "Mama, ulikuwa unaimba wimbo gani?" Mama akajibu, "Niliimba sauti yangu. Hao wa kwanza ndio hawakuingia." Yule kijana akashika kichwa. Akaiomba bendi irudie, akaimba sauti ya kwanza yeye mwenyewe, Mama akaingia na ileile yake, bila kubadilisha chochote. Ukumbi mzima ukasimama. Lakini sheria ni moja nchi zote: kiti kisipogeuka ukiimba, unaenda nyumbani. Tukaenda nyumbani.

Kwa hiyo nilijua kilichotokea. Nisichojua ni watakachoonyesha.

Maana tumeona, mimi na Mama. Kila nchi ina kile kipande cha walioshindwa, wanaunganishwa mmoja baada ya mwingine na muziki wa kuchekesha. Na Wakenya mtandaoni tunajuana. Hatuna huruma. Ungeanza kuuona uso wa mama yako kwenye kila simu, kila kikundi cha WhatsApp, na maneno ya kipuzi juu yake.

Halafu wiki iliyopita tangazo la kipindi likatoka. Lilimwonyesha Mama nukta moja, mdomo wazi kwenye ile noti yake, viti vimempa mgongo, watu wanacheka. Basi. Presha yangu ilipanda.

Mama aliliona. Akafanya nini? Akaalika kwaya nzima ya akina mama nyumbani Jumapili jioni. Nilimwambia si lazima tutazame, tunaweza kwenda zetu kula nyama. Akaniangalia kama nimeugua. "Mueni, wewe shida yako ni nini?"

Jana mimi peke yangu Kenya nzima ndiye niliyekuwa naomba stima ipotee.

Haikupotea. Akina mama walijaa sebuleni na sweta zao za kwaya, wengine wakakalia mikono ya kochi. Nilijikaza kisabuni nikagawa mandazi, lakini mtangazaji alipotaja jina la Mama nilikimbilia jikoni, nikajifanya nachunga chai. Nikasikia ile alto yake kwenye runinga. Nikasikia ukumbi ukicheka. Chai ikachemka ikafurika juu ya jiko mimi nikiitazama tu.

Halafu yule kijana wa kofia akaanza kuimba, na Mama akaingia.

Walionyesha yote! Hawakukata hata neno. Woi, nilishika sinki. Na kule sebuleni mmoja akadakia, wa pili, mara soprano zote ziko juu, kuta zinatetemeka. Nilipochungulia, Mama ndiye pekee ambaye hakuwa anaimba. Alikuwa amesimama mkono juu, amekasirika: "Soprano mnakimbia! Mnakimbizwa na nani?"

Leo asubuhi kabla hajaenda sokoni alinitaka nimsomee maoni ya mtandaoni. Nikaanza na mazuri. Kumbe alto ni wengi. "Mimi pia siwezi kuimba wimbo wa taifa peke yangu," ameandika mmoja wa Embu. Kipande kimewekwa kwenye ukurasa wa mashindano ya nchi zote, na mwanamke wa Ufilipino ameandika kwamba ameimba alto maisha yake yote na mumewe haamini kama anajua kuimba. Mama alicheka mpaka akavua miwani.

Mabaya nilikuwa nayaruka. Akagundua. "Soma yote." Nikasoma la mtu aliyesema huyu nyanya angekaa nyumbani apike.

"Mwambie nilipika ndio nikatoka," Mama akasema, akaendelea na chai yake.

Wiki zote hizo nilikuwa nimembebea aibu ambayo hajawahi kuiona popote. Imenitoka pale mezani, nikacheka, nikalia, sijui nilianza na gani.

Akaniuliza nilikuwa wapi jana kipande chake kikionyeshwa. Nikamwambia jikoni.

"Basi ulikosa." Akasukuma kikombe kando, akakunja mikono tumboni. "Haya, shika ya kwanza."

Mimi? Mimi sijui kuimba, kila mtu anajua, hata kwaya ya watoto walinitoa kwa upole. Nikamwambia nitauharibu.

"Shika tu. Mimi niko chini yako."

Nikashika.