Mchoro wa Saunani

Shangazi Vaike,

Shikamoo kutoka Tartu. Matufaa yako yamefika, na tumeshayamaliza.

Lakini shangazi, ule mchoro wako ulioutuma pamoja nayo! Nani hutundika mchoro wa karatasi saunani, kwenye chumba cha mvuke? Mvuke ulikuwa umeukunja kama jani la kabichi! Nimeulaza kati ya karatasi za kunyonya unyevu, nikaukandamiza kwa vitabu, ukanyooka. Marehemu mumeo Endel bado anacheka mle mchoroni vilevile.

Nikauweka mtandaoni, kwenye ukurasa wetu wa wachoraji. Loo, watu wamefurika! “Huyu mzee anacheka nini?” Mwingine akauliza: “Mchoraji bado anachora?”

Najua tangu tumzike Endel hujagusa penseli. Nimemjibu: “Kila siku.”

Usiniache niitwe mwongo. Nimekufungia karatasi mpya humu. Saunani marufuku!

Mpwa wako mwenye kelele,
Tuuli