Turubai la Mzee Kasimu

Dada Neema,

Pokea salamu za mvua ya Kigoma. Mzee Kasimu alikuwa hapati abiria kwa sababu boti yake haikuwa na paa. Leo amefungiwa turubai na fundi mkimbizi kutoka Burundi, mshonaji wa mahema, naye akaziba pande zote.

"Sasa mbele nitaonaje?"

"Mzee, ulisema mvua isiingie."

Fundi akatoboa tundu la kutoa kichwa juu ya usukani. Tukaondoka Bangwe tumejaa, wakavu, kichwa cha Mzee kikinyeshewa nje. Injini ikazima, akainama kuiwasha.

"Mzee, rudisha kichwa," mama mmoja akamwambia. "Tunalowa."

Akarudisha. Injini nikaiwasha mimi.

Mwambie Mama nakula migebuka, samaki wa huku, na sina mafua. Nawakumbuka nyote.

Kaka yako, Daudi