Sura Niliyoifunga

Jumatano, nyumbani Mawaleh

Haya, wifi yangu na afurahi. Alisema tangu mwanzo kuwa kusomesha watoto nyumbani sitaweza.

Leo Thuraya wangu, miaka tisa, kaitumbulia macho hesabu ya kugawanya kama hajapata kuiona. Sura hiyo tuliimaliza kabla ya Ramadhani, bila ya kosa hata moja. Nikampigia makofi, tukaifunga.

Na mie ndiye niliyekikataa kile kitabu kingine, kinachofunza kidogo kidogo kisha kikarudia ya zamani kila siku. Nilikiona kinapoteza wakati. Nilitaka kitabu cha kumaliza sura upesi, nimwoneshe wifi wanangu walipofika.

Nikampigia mtoto kelele. Akalia. Mavyaa, mama wa mume wangu, akamwita chumbani kwake wadurusu Qur'ani. Nikasimama mlangoni. Sura aliyoihifadhi mwaka juzi ikamtoka kama maji.

"Hii mbona haisahau?" nikamuuliza mavyaa, roho inaniuma.

"Kila siku namrudisha nyuma kwanza, mwanangu, ndo nampa mpya. Kwani wewe kwenye hesabu humrudishi?"

Hakusema kwa kejeli. Bora angenikejeli.

Kesho nitakiagiza kile kitabu nilichokikataa. Lakini...

Nna shahada ya ualimu, imetundikwa sebuleni kila mgeni aione. Mavyaa hakupita darasa la nne. Na usiku huu Thuraya kachukua mto wake, kenda kulala kwa bibi yake.