Vidonge vya Baba Mkwe Nisiyemwona

Mama Mshauri mpendwa,

Sikuandikii ili unifariji, wafariji ninao wengi na nimewachoka, nakuandikia kwa sababu nina hasira mpaka mikono inatetemeka, ingawa kwa sasa hata sijui kama kutetemeka huku ni kwa hasira au ni kwa vidonge, na hilo ndilo lililonikalisha chini nikuombe msaada. Jina langu ni Tulinagwe, lichapishe lote, usiniwekee herufi mbili za kunificha. Nina miaka thelathini na sita, mume wangu ni Ambwene, tunalima chai na migomba huku chini ya Tukuyu, njia ya kwenda Kisiba.

Mwaka themanini na tano binti yangu Neema alikufa kwa surua akiwa na miaka miwili. Baada ya matanga sikulala, moyo ulikuwa unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa, nikisikia mtoto wa jirani analia natoka nje kumtafuta wangu, basi mama mkwe akaona nitarukwa na akili akaenda kumweleza mumewe. Huyo mumewe, yaani baba mkwe wangu, alikuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati, miaka mingi na alikuwa amestaafu tu, watu wote hapa wanamwita daktari. Akatoa kidonge kidogo cha njano, mama mkwe akaniletea kimekunjwa kwenye karatasi ya daftari, akasema, "Meza, mwanangu, ni cha presha." Nikameza nikalala, na sitasema uongo, siku ile nilimshukuru Mungu. Lakini kidonge kile kilichokuwa cha siku chache tu mpaka leo nakimeza, na huu ni mwaka wa kumi na moja.

Utaniuliza, huyo daktari miaka yote hakukupima? Hakunipima, Mama, kwa sababu kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Wengi siku hizi wameacha, hasa wa mjini, lakini kwa huyu mzee ni sheria, pamoja na kwamba ni mzee wa kanisa na amefanya kazi na Wazungu. Akipita njiani mimi naingia kwenye migomba najifunika kanga, jina lake sijalitamka tangu niolewe na hapa pia silitaji, na sura yake siijui vizuri, naijua kofia yake na kikohozi chake. Yeye naye uso wangu haujui. Sasa mtu kama huyo ndiye alikuwa ananitibu.

Nikiwa na shida namwambia mama mkwe, naye anaipeleka. Nilimwambia nasinzia nikichuma chai, nasahau, naweka maharage jikoni naondoka zangu shambani mpaka yanaungua, ulimi mzito, nikiulizwa jambo najibu kesho yake, lakini akifika kwa mzee anasema tu, "Mkamwana hajisikii vizuri," basi mzee anaongeza nusu. Nikilalamika tena, nusu nyingine. Kimoja kikawa viwili na viwili vikawa vitatu. Zamani dawa zilikuwa shida, wakati mwingine napewa kipande, lakini tangu mambo yawe ruksa na maduka ya dawa yafunguliwe kila kona mzee ananunua kopo zima, anaona amenitendea wema. Ambwene anakula na baba yake kila jioni, ni mtu mwema, hanywi wala hanipigi, anasema tu kwamba mambo ya dawa ni ya mzee. Na mimi ni mtu mzima nimesoma hadi darasa la saba, lakini nimefungua karatasi ile kila siku nikameza bila kuuliza.

Mwezi wa tano mzee alikwenda Mbeya kutibiwa macho, amekaa huko kwa binti yake mpaka leo, na vidonge vikawa vinakaribia kwisha. Mama mkwe akanipa kopo niende nalo Tukuyu. Dukani nikamkuta mama anaitwa Sauda, akasoma kopo akaniuliza, "Hii valiamu unampelekea nani?"

"Ni yangu, ya presha."

"Nani kakwambia ni ya presha? Hii ni dawa ya wasiwasi na usingizi. Umeanza lini?"

"Mwaka themanini na tano."

Akaliweka kopo chini, akaangalia nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anayenisemea. Akasema, "Mama, hii watu wanapewa wiki mbili, nne zikizidi. Sikuuzii. Nenda hospitali wakakuandikie namna ya kuacha, lakini usiache ghafla, umenisikia? Usiache ghafla."

Nilimsikia, Mama Mshauri, lakini sikumsikia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu, si vidonge, nahesabu mambo. Mwanangu wa kwanza Lazaro amemaliza darasa la saba mwaka juzi na siikumbuki siku hiyo. Wanasema nilikuwepo, wanasema nilivaa kitenge cha kijani. Harusi ya mdogo wangu siikumbuki. Hata Neema mwenyewe, niliyepewa dawa kwa ajili yake, nikimlilia leo machozi hayatoki, wameyafungia sijui wapi. Nilipofika nyumbani nilichukua vidonge vyote vilivyobaki nikavimwaga chooni, nikamwambia mama mkwe kwamba mambo yameishia hapo.

Siku ya tatu jasho likaanza kunitoka asubuhi kwenye baridi ya huku kwetu unayoijua, mikono ikatetemeka mpaka siwezi kuchuma jani, mtu akiweka sufuria chini nasikia kama amenipiga nayo kichwani, ngozi inatembewa na wadudu, nikitazama hakuna kitu. Siku ya tano nikapeleka majani yangu kwenye banda la kupimia, nakumbuka Fred karani wa mizani ananiambia, "Mama, hebu kaa kwanza," halafu sikumbuki tena. Wananiambia nilianguka nikarusha miguu na mikono mbele ya watu wote, povu, nimeuma ulimi mpaka leo unauma, na mtu mmoja alitaka kunitia kijiko mdomoni. Wakasema kifafa. Wengine wakasema nimelaaniwa kwa kukataa dawa ya mkwe wangu.

Ambwene akakimbilia duka lingine, si kwa Sauda, huko hawakumuuliza hata jina la mgonjwa, akaniletea vidonge vile vile. Baada ya muda mfupi nikatulia. Mama, ule utulivu ndio ulioniudhi kuliko kuanguka kwenyewe, kwa sababu nilijua nimefungwa kamba.

Sasa nimerudi kwenye vitatu na nimeshaamua. Mzee anarudi mwisho wa mwezi na kutakuwa na ibada ya shukrani hapa nyumbani. Siku hiyo nitavimwaga tena vyote, kisha nitatoka mbele za watu bila kanga usoni, nisimame mbele yake, nimtaje kwa jina, nimuulize alinipa nini na kwa nini. Ambwene anasema nikifanya hivyo nitakuwa nimevua nguo ukoo mzima na yeye hatakuwa na la kunisaidia, nirudi kwetu. Mimi nasema heri nirudi kwetu nikiwa na akili zangu. Niambie kama nimekosea, lakini usiniambie nivumilie, neno hilo nimelimeza pamoja na vidonge.

Tulinagwe,
Tukuyu

MAJIBU

Tulinagwe,

Sikwambii uvumilie. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikalia, ya pili nikapiga meza. Una haki ya hasira hiyo yote na mimi nimekuongezea yangu. Lakini hebu nianze na wewe kabla sijafika kwa wengine.

Mwanamke mwenye duka amekwambia mara mbili usiache ghafla, ukaenda ukamwaga chooni! Umewakasirikia watu wote hao, ukaja kumwadhibu mmoja tu, ambaye ni wewe mwenyewe. Nilikuwa muuguzi miaka ishirini na minane kabla ya kukaa kwenye ukurasa huu, na hayo uliyoyaeleza nimeyaona wodini kwa macho yangu. Jasho, kutetemeka, kelele kuuma masikio, wadudu wasioonekana, kisha mtu anaanguka. Hiyo si laana wala hujawa mwehu. Mwili uliozoezwa valiamu kwa miaka mingi ukinyang'anywa siku moja hufanya hivyo, na aliyewahi kuanguka mara moja ana hatari kubwa ya kuanguka tena. Ukirudia mchezo huo siku ya ibada unaweza kufa, Tulinagwe. Utakuwa umekwenda kumuuliza mzee swali, na jibu hutalisikia.

Kwa hiyo havimwagwi. Endelea kumeza hivyo hivyo vitatu, kwa saa zile zile, usiongeze na usipunguze kwa kichwa chako, mpaka umwone daktari, na umwone wiki hii. Nenda hospitali pale Tukuyu na kopo lako mkononi. Mwambie miaka, mwambie idadi, mwambie ulivyoanguka. Usione aibu na usikubali akuandikie dawa ya kifafa akufukuze, mng'ang'anie mpaka aelewe kwamba unataka kuacha. Atakupunguzia kisehemu kidogo, mwili uzoee wiki mbili tatu, pengine mwezi, kisha kisehemu kingine. Ukizidiwa hurudi juu wala hushuki, unasimama hapo hapo mpaka utulie, ukamwone tena. Inaweza kuchukua mwaka, na inaweza kuzidi mwaka. Najua hutaki kusikia hivyo, lakini haraka yako ndiyo iliyokuangusha kwenye mizani.

Nunua daftari, andika kila siku umemeza kiasi gani na umejisikiaje, kwa mkono wako, maana sitaki tena habari zako zibebwe na mtu. Pombe usiguse, hata ya kienyeji. Usikae peke yako na moto wala usipande ngazi ya kukata migomba siku unazotetemeka. Ukianguka tena wakulaze ubavu na wasikutie kitu mdomoni, huyo mwenye kijiko mwambie akajilie uji, kisha wakukimbize hospitali. Na jiandae, kwa sababu dawa ikipungua Neema atarudi. Utamlilia kana kwamba amekufa jana. Usiogope ukadhani umeugua upya. Ni kilio ulichokatizwa, mtafute mtu wa kukaa naye ulie mpaka kiishe.

Sasa habari ya baba mkwe. Amekosa, tena sana. Dresa anajua kwamba mgonjwa asiyeonekana hatibiwi. Kama mila yake ilimkataza kukutazama, ilikuwa kazi yake kukupeleka kwa anayeweza kukutazama, na zahanati ziko tele. Badala yake kila ukilalamikia dawa anakuongezea dawa. Mama mkwe naye alibeba maneno akayafupisha, lakini simkasirikii sana, nahisi hata yeye hakuambiwa ni kidonge gani. Mwenye duka la pili aliyeuza bila kuuliza, huyo ningempata ningemfungia mlango kwa nje. Ruksa ya biashara haikuwa ruksa ya kuuza dawa ya namna hii kama pipi.

Lakini swali lako la ibadani, hapana. Si kwa sababu ya heshima ya ukoo. Ukisimama mbele za watu bila kanga, hakuna atakayesikia habari ya vidonge, watasikia habari ya kanga tu, watazungumzia kanga miaka kumi, na mzee atatoka pale ameonewa yeye. Unampa njia ya kukwepa. Mimi usiyenijua umeniandikia kurasa nne. Yeye, anayejua kusoma vizuri kuliko watu wote wa hapo, hujamwandikia hata mstari mmoja. Mila yenu imekataza macho na mdomo, kalamu haikuitaja. Mwandikie. Muulize alikupa nini, lini aliongeza, na kwa nini. Mtake aandike na kutia sahihi, kwa sababu majibu hayo daktari anayahitaji, na wewe unayahitaji zaidi yake.

Nimebakiza mtu mmoja, na huyo nazungumza naye mwenyewe, kwa maana najua gazeti hili litapita mikononi mwake.

Ambwene. Mkeo amekuita mtu mwema, amekutetea hata kwenye barua ya hasira. Mimi sikutetei. Katika mji wenu mzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kukaa na wote wawili, kula na baba na kulala na mke, na mtu huyo ni wewe. Uliona maharage yanaungua. Uliona anasinzia shambani. Ukaenda jioni ukakaa na daktari, ukala, ukanawa, ukarudi. Ungesema sentensi moja tu mwaka themanini na sita, "Baba, mke wangu hasinzii kwa huzuni, anasinzia kwa dawa," leo nisingekuwa na barua hii. Mambo ya dawa si ya mzee. Mke ni wako. Na leo unathubutu kumwambia arudi kwao!

Kesho asubuhi unampeleka hospitali mwenyewe, unaingia naye ndani, unasikiliza. Vidonge unavitunza wewe, unampa kama daktari alivyoandika, na hakuna mtu mwingine hapo nyumbani atakayevigusa, hata mama yako. Akianza kutetemeka unabaki naye, chai itachumwa na wengine. Kisha unachukua barua ya mkeo unakwenda nayo Mbeya, unampa baba yako mkononi, macho yake yakiwa bado hayajapona unamsomea wewe, neno kwa neno, bila kufupisha. Akinyamaza, kaa. Akikasirika, kaa. Usirudi na salamu, rudi na majibu yameandikwa.

Amekuomba msaada kwa miaka kumi na moja, na kwa kuwa hukuusikia amekuja kuniomba mimi nisiyemjua. Liweke gazeti chini sasa, uende ukamuulize leo ameamkaje.