Kokwa za Ng'ong'o kutoka Vidunda

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti sasa linakuruhusu kupanda mlima, na kwamba maharage ya Vidunda yamepata mvua. Mimi mzima, ila baridi ya huku Ujerumani inanilaza na jozi mbili za soksi.

Uliniuliza kwenye simu, "Mtu mzima na kazi yake, kokwa za ng'ong'o, tunda la porini, anazitakia nini Ulaya?" Nikacheka, nikabadilisha mazungumzo. Hata hivyo ulihangaika siku mbili Kilosa mjini kufuatilia kibali cha kuzituma. Sasa nakujibu.

Unajua kazi yangu hapa makumbusho ni kusafisha visukuku, yaani mimea na wanyama wa kale waliogeuka mawe. Nilipewa kijiwe kama ncha ya kidole gumba, kilichochimbwa Bonde la Ufa. Ni tunda la zamani mno, kabla hajakuwepo binadamu wa kulila. Daftarini waliandika kwamba ni la mti mwingine kabisa. Nilipokuwa nakisafisha chini ya darubini, nikaona viduara vitatu upande wa juu. Mama, niliweka brashi chini. Nilikuona umekaa uani enzi za utoto wangu, unaninyang'anya jiwe la kupondea kokwa: "Usiponde, utaharibu kiini! Tafuta kifuniko, ukibandue kwa msumari."

Nikamwambia mkuu wetu, "Hivi ni vifuniko. Huu ni ukoo wa mng'ong'o."

Akatazama kidogo tu. "Ni nyufa, Rehema. Ukoo huo haukuwepo Afrika wakati huo."

Alisema mbele ya wenzangu wote. Makala yao kuhusu jiwe hilo ilikuwa karibu kuchapishwa, na mimi si daktari wa chochote, nasafisha mawe. Nilihofia hata mkataba wangu wa kazi. Ndipo nikakupigia kukuomba kokwa.

Kifurushi kilipofika niliziloweka kokwa mpaka vifuniko vikalegea, nikaomba nafasi kwenye kikao. Sikuhutubia. Niliweka jiwe na kokwa yako sambamba, nikachukua msumari, nikabandua kifuniko mbele yao. Mkuu akasogeza kiti. Akaangalia kokwa, akaangalia jiwe, akarudi kwenye kokwa.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Mama yangu."

"Ni mtaalamu wa mimea?"

"Ni mkulima."

Akavua miwani. "Basi nimekosea mimi."

Wakalipiga jiwe eksirei, wakakuta vyumba vitatu vya mbegu, kila kimoja na kifuniko chake. Si mng'ong'o wetu wenyewe. Ni ndugu yake wa kale sana, mwenye vifuniko vinene zaidi. Kumbe ukoo huu umeota Afrika tangu zamani zaidi kuliko walivyodhani! Makala imeandikwa upya. Jina langu limo kati ya waandishi. Na mwishoni, penye shukrani, yapo majina yako yote matatu, mkulima wa Vidunda, aliyetoa kokwa za kulinganishia. Herufi nilizikagua mwenyewe, maana walikuwa wameandika "Vidundu".

Kaka wa Mikumi aache kidogo kuziba pancha za malori akusomee ukurasa huo niliouambatanisha. Ni wa Kiingereza, lakini jina lako atalipata. Nisalimie mama mdogo wa Mabwerebwere na vitenge vyake, na shangazi wa Lumuma, mwambie vitunguu vyake bado navitamani.

Na wakikuuliza mwanao anafanya nini huko mbali, waambie anafanya kazi uliyomfundisha wewe.

Akupendaye sana,
binti yako, Rehema