Ngoja Chuma Kiitike

Mjukuu wangu Deo,

Sasa hivi mwanangu Neema amegonga jembe la marehemu baba, akalitegea sikio, akasema, "Mama, linahema." Sijawahi kumfundisha hivyo. Tu wazima. Usicheke, umenizidi umri, lakini kiukoo bibi yako ni mimi.

Unauliza huko kiwandani kwenu mchague ferovanadi ipi, ile dawa ya kukaza chuma, kali au hafifu, maana nondo zikikatika nyumba itaua watu. Baba alikuwa mhunzi. Nikiwa mdogo alinipeleka kwenye tanuru la wahenga, lililozimika kabla hajazaliwa. Nikaligusa, lilikuwa na joto. Akagonga vyuma kimoja kimoja, akininong'oneza, "Usikimbilie kuchagua, mama. Ngoja kiitike." Basi yeyusheni chuma kidogo kwa kila aina, mpinde, mgonge, msikilize. Subiri, Neema ananiita, anasema ndani ya jembe kuna babu anauliza kama Deo ameshachagua.