Paipu za Kiyoyozi kwenye Breki za Pikapu

Jumapili, tarehe 9 Machi. Huu ni mwaka wa tatu tangu nitoke nyumbani.

Mshauri wangu mpendwa, naomba uniokoe kabla sijajaribu kujiokoa mwenyewe, maana kila nikijiokoa kuna kitu kinavunjika.

Mimi ni kibarua kwenye majengo. Kazi yangu ni kuwabebea mafundi wa viyoyozi paipu za shaba na kuwatanulia midomo, yaani unakata paipu, unaibana kwenye kibanio, unakaza parafujo ya juu mpaka mdomo unafunguka kama tarumbeta ndogo, halafu fundi anakuja, anafunga nati na kupewa sifa. Shule niliiacha mapema, lakini kutanua mdomo wa paipu najua, na matatizo yangu yote yameanzia hapo, kwa sababu mtu asiyejua kitu humwita fundi, ila mimi ninayejua kitu kimoja nilijiita fundi mwenyewe.

Nimenunua pikapu kuukuu, kuukuu kweli, mlango wa abiria unafungwa kwa kamba na aliyeniuzia aliniaga kwa huruma kama vile naenda kuugua. Nia yangu ni kurudi nayo nyumbani mkataba ukiisha, niingie mtaani nikiwa nyuma ya usukani, na mke wangu, ambaye habari haimkai kifuani, ameshawatangazia kaka zake wote kwamba shemeji yao anakuja na gari na kwamba siku hizi ni fundi magari. Mimi sikumwambia kuwa ni fundi magari. Nilimwambia tu kwamba breki nimezitengeneza mwenyewe, na nilimwambia hivyo kabla sijazigusa.

Paipu za breki zilikuwa za chuma na kutu ilikuwa imezila, ukizishika zinabaki unga mkononi. Mtu mwenye akili angenunua nyingine. Mimi nikasema, ninunue paipu ya nini wakati kutwa nashinda nazo? Nikamwomba msimamizi vipande vya shaba vilivyobaki, akanipa, nikaazima na kibanio, nikajilaza uani chini ya gari. Mdomo wa kwanza ulitoka mzuri mpaka nikautazama kama mtoto mchanga, halafu nikaona nati bado iko juu ya tofali, na nati haipiti tena paipu ikishatanuliwa. Nikakata, nikaivisha nati, nikatanua upya. Upande wa pili nati niliikumbuka, lakini niliivisha kinyume. Nikakata tena. Jirani yangu, mpaka rangi wa majengo, ambaye anakaa chumba cha pili na mkewe na binti yao mdogo, alikuwa amekaa juu ya ndoo ananitazama.

"Kaka, hiyo paipu inafupika au ni macho yangu?"

"Naipima."

"Unaipima kwa kuikata?"

Basi nikamaliza, nikajaza mafuta ya breki, nikatoa upepo uliobaki ndani ya paipu, na pedali ikawa ngumu kama jiwe. Nikalizungusha gari uani, nikakanyaga, likasimama, mke wa mpaka rangi akapiga makofi, na mimi kwa utamu wa yale makofi nikasema, "Msihangaike na basi, twendeni wote." Kwao ni njia hiyo hiyo ya kwetu. Wakarudisha tiketi zao. Binti yao sasa anamwambia kila anayepita kwamba yeye atakaa mbele.

Asubuhi yake mama mwenye nyumba akaniita. "Baba, gari lako linakojoa."

"Ni maji ya kiyoyozi, mama."

"Kiyoyozi? Gari halina hata vioo!"

Nikafuta yale matone kwa kitambaa, nikakaza nati kidogo, nikaenda nalo peke yangu kuchota maji kule bombani chini ya mteremko. Katikati ya mteremko nikakanyaga breki na mguu ukaenda mpaka sakafuni kama nimekanyaga uji. Nilivuta breki ya mkono, nikaita kila niliyefundishwa kumwita, na nikasimama ndani ya lundo la mchanga wa watu wanaojenga. Wakaja mbio na makoleo yao.

"Umetuletea mchanga au umekuja kuchukua?"

"Napima breki."

"Zimefaulu?"

"Zinaendelea vizuri."

Nilipoangalia chini, ule mdomo niliojivunia ulikuwa umepasuka kama kisigino. Nikakata, nikatanua mwingine, nikakaza mpaka spana ikalia. Na hapo ndipo ninapotaka msaada wako, mshauri, kwa sababu tangu siku hiyo pamekauka, hakuna tone hata moja, pedali ni ngumu, na moyo wangu unaniambia pengine sasa imekubali. Ila kati ya hapa na nyumbani kuna ule mteremko mrefu wa milimani wenye kona na malori, na kila nikiuwaza mguu wangu wa kulia unakanyaga wenyewe kitandani.

Je, niwaambie, au ninyamaze niende polepole kwa gia ndogo? Nikisema, mpaka rangi atanicheka mpaka ndoo ipinduke, na mkewe huongea na mke wangu kwenye simu kila siku, kwa hiyo mashemeji watajua kabla sijamaliza sentensi. Mimi huku ni mtu wa lete, shika, ondoa. Siku ile pedali ilipokuwa ngumu nilikuwa fundi kwa nusu siku, na sitakuficha, niliipenda.

Mkataba unaisha mwisho wa mwezi. Natarajia kufika nyumbani Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne, mimi nikiwa kwenye usukani.

Fundi wa Nusu Siku

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Fundi wa Nusu Siku,

Nimecheka mpaka nilipofika kwa yule mtoto anayetaka kukaa mbele. Hapo sikucheka tena, na wewe acha.

Mtu anayeziamini breki zake haandikii gazeti. Jibu unalo, ulichotaka ni mtu wa kukulazimisha. Haya, nakulazimisha.

Barua yako nimemsomea fundi breki aliye nyuma ya ofisi yetu. Alicheka pia, lakini niliposema shaba ya kiyoyozi aliweka spana chini. Anasema paipu hiyo ni laini na kazi yake ni kukaa ukutani imetulia. Kwenye gari inatikiswa njia nzima na kupigwa shinikizo kubwa kila unapokanyaga, mpaka inachoka na kukatika. Mdomo wa breki hukunjwa mara mbili ili uwe mnene. Wako umetanuliwa mara moja, ni mwembamba, na ulipokaza mpaka spana ikalia uliufanya mwembamba zaidi. Kukauka kwake hakumaanishi umepona. Na usisahau kwamba midomo mingine yote uliifanya kwa mkono ule ule, siku ile ile.

Kwa hiyo leo toa ufunguo kwenye gari na uweke mawe kwenye matairi. Ng'oa shaba yote, usibakize hata kipande kimoja unachokipenda. Nunua paipu iliyotengenezwa kwa ajili ya breki, ubebe paipu ya zamani na nati zake ili upewe za saizi hiyo. Midomo akukunjie fundi breki mwenye kifaa chake, wewe umshikie, na uangalie, maana mkono unao, ila umefundishwa kazi nyingine. Nati kwanza, mdomo baadaye. Hilo nadhani limekuingia. Mkishatoa upepo, mtu akanyage pedali kwa nguvu zote bila kuachia huku mwingine akiangalia kila kiungo. Kisha fundi aliendeshe yeye kwanza, likiwa tupu.

Fundi anasema gari lililoliwa na kutu hivyo lazima likaguliwe lote, kwa hiyo hayo hayatakamilika kabla ya safari, na usiyaharakishe ili yakamilike.

Sasa watu. Kabla jua halijazama, waite mpaka rangi na mkewe, wote wawili, uwaambie, "Breki zangu si salama, katafuteni tiketi." Usianze na hadithi ya mchanga. Atacheka, mwache acheke, kicheko chake hakijawahi kumwangusha mtu milimani. Na ulimnyima haki ya kujua mahali anapompandisha mtoto wake. Kwa hilo umwombe radhi bila mzaha.

Halafu mpigie mkeo kabla jirani yako hajampigia. Unadhani anajisifia gari? Kwa mwaka wa tatu kila akiulizwa mume yuko wapi anajibu, "Bado yuko huko." Sasa amepata jibu jingine, na gari amelitia humo kwa furaha tu. Mashemeji watakutania muda wote wa chakula, wewe utaendelea kula.

Pikapu mwachie mama mwenye nyumba, yeye hadanganyiki. Usimtajie mtu tarehe ya gari kufika. Tarehe yako wewe usiibadilishe: kata tiketi ya basi leo, ufike Jumamosi ile ile, ushuke stendi na begi lako, utembee kwa miguu mpaka mlangoni.